Vifungo vya sweta, nyumbu na herufi PG: maswali yenu kuhusu katuni za kutisha

Toleo lililopita tuliwauliza wasomaji wa Arusha na Moshi kama alama za umri zinazobandikwa kwenye katuni za kutisha zinawasaidia chochote. Mmejibu kwa kuuliza, nasi tumechagua maswali saba. Msimamo wetu tuutangulize: alama hizi hupima vizuri matusi, damu na nguo zilizovuliwa, lakini hofu huipima kwa kubahatisha, hasa kwa mtoto wa kati ya miaka minne na tisa. Si za kutupwa, ila usizisome kama tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti ya maziwa.

Binti yangu ana miaka sita. Kwa binamu zake ameangalia Coraline, ile katuni ya mama mwenye vifungo badala ya macho. Ilikuwa na PG, nikajua ni ya watoto. Wiki ya pili sasa hataki sweta la shule kwa sababu lina vifungo, na baridi ya asubuhi huku mnaijua. Usiku anaweweseka. Alama ilikosea, au nilikosea mimi? (Mama wa wawili, Sakina, Arusha)

Mama, alama haikukosea, ila haikuwa inasema ulichodhani inasema. PG maana yake mzazi aongoze. Ni onyo, si ruhusa. Coraline ilipotoka mwaka 2009, bodi ya Marekani iliipa PG na ikataja sababu zake, na "picha za kutisha" ni mojawapo. Tatizo ni kwamba herufi mbili ndizo zinazoonekana kwenye kava. Sababu huandikwa kwa maandishi ya kutafutia miwani. Uingereza nako ilipata PG, na wao wana maelezo ya wazi: filamu ya PG haitakiwi kumsumbua mtoto wa miaka minane hivi au zaidi. Wako ana sita. Miaka miwili hiyo kwa mtu mzima si kitu, kwake ni theluthi ya umri aliokwisha kuishi.

Kwa nini vifungo? Joanne Cantor, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliyechunguza kwa miaka mingi hofu za watoto mbele ya skrini, alionesha kwamba watoto wadogo hutishwa na kinachoonekana, wakubwa hutishwa na kinachoweza kutokea. Mpaka uko kwenye miaka saba au minane. Mdogo hutishwa na sura mbaya na kitu kinachogeuka kuwa kingine. Sasa katika filamu hii anayegeuka si zimwi la porini, ni mama. Sura ileile, sauti ileile, chakula kitamu kuliko cha nyumbani, halafu unatazama macho. Uso wa mama ndio kimbilio la mtoto. Uso huo ukimdanganya, atakimbilia wapi? Na joka huliacha kwenye televisheni, lakini kifungo analala nacho: kipo kwenye foronya, kwenye shati la baba, kwenye sweta.

Kumwambia "si kweli, hiyo ni katuni" hakutamsaidia sana katika umri huu. Atakuitikia vizuri mchana, usiku picha itarudi. Maelezo huanza kufanya kazi kuanzia miaka minane hivi. Kwa sasa anatulizwa kwa mwili na mikono.

Usiku kaa naye kitandani, mshike, mpe blanketi lake na kitu cha moto cha kunywa, taa ndogo ibaki inawaka. Ndugu na binamu zake wasimtanie, hata kidogo.

Mchana mzoeshe kifungo taratibu. Siku ya kwanza weka vifungo vitano vikubwa vya rangi kwenye kisosi, wewe ushone nguo yako, yeye acheze atakako. Usimwite. Akisogea mwenyewe, apange kwa rangi na kuhesabu matundu: vingine vina mawili, vingine manne. Siku ya tatu au ya nne mpe kipande cha kitenge, sindano butu yenye tundu pana na uzi wa kufumia, ashone kifungo kimoja. Kikilegea na kuanguka, afadhali. Ameona kwamba bila uzi hakikai popote. Mwisho kifungo hicho kishonwe kwenye sweta, kile cha juu kabisa, kwa mkono wake. Mpaka ifike siku hiyo avae sweta la kuvaliwa kichwani, na umwarifu mwalimu wa darasa asije akamrudisha nyumbani.

Wazazi huharibu mahali pawili. Kwanza huruka hatua kwa sababu jana mtoto alicheka. Akilia, rudi hatua moja tu nyuma, usirudi mwanzo. Pili humwekea filamu tena "ili azoee". Hapana. Unachoweza kumwonesha ni jinsi inavyotengenezwa: Coraline haikuchorwa, ni vikaragosi vinavyosogezwa kwa mkono na kupigwa picha, picha 24 kwa kila sekunde ya filamu. Chukua simu na mwanasesere wake, asogeze mkono wa mwanasesere kidogo kidogo, wewe upige picha 24, kisha uzipitishe haraka kwa kidole. Sekunde moja ya kazi yake mwenyewe itamweleza zaidi ya maneno yetu yote.

Hofu nyingi za namna hii hupungua zenyewe ndani ya siku au wiki chache. Ukipita mwezi, au akianza tena kukojoa kitandani, au akikataa shule kabisa, mpeleke kliniki ya watoto na usimulie kuanzia kwenye filamu.

Filamu moja naikuta ina U mahali, PG kwingine, na kwingine 6 au 7+. Nifuate ipi? (Baba wa mapacha, Rau, Moshi)

Kila nchi ina rula yake. Bodi ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1912, hutoa U kwa filamu inayomfaa mtoto wa miaka minne na kuendelea, kisha PG, 12A (wa chini ya miaka 12 aje na mtu mzima), 15 na 18. Kwenye U kitisho kiwe chepesi, kifupi, na mambo yaishe vizuri. Marekani, wenye mfumo wao tangu 1968, wanaopiga kura ni wazazi, na ngazi ni G (kila mtu), PG, PG-13, R (wa chini ya miaka 17 aje na mzazi) na NC-17 (watu wazima tu). PG-13 iliongezwa mwaka 1984 baada ya wazazi kulalamika kwamba PG imekuwa gunia la kila kitu. Ujerumani wana 0, 6, 12, 16 na 18. Angalia pengo lililopo kati ya 6 na 12, mtoto wa darasa la kwanza na wa darasa la sita wako kapu moja. Waholanzi, tangu 2001, huongeza picha ndogo pembeni ya umri, na buibui maana yake filamu inatisha. Wametenganisha hofu na ukatili, na kwa maoni yetu hilo ndilo jambo la busara kuliko yote yaliyofanywa na bodi yoyote. Jirani zetu Kenya wana GE (kila mtu), PG, 16 na 18. Hapa nyumbani kazi hiyo ni ya Bodi ya Filamu, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, lakini katuni ya kigeni inayokufikia kwenye simu huja na alama za kwao.

Kwa mapacha wako, umri usome popote, ila buibui mtafute kwa Waholanzi na sababu uzisome kwa Waingereza, maana wao huandika aya nzima: kitisho cha aina gani, kizito kiasi gani, kinaishaje. Tovuti ya bodi yao haina malipo.

Jingine la kuangalia ni mwaka wa alama, kwa sababu hata rula moja hunyooka na kupinda. Watership Down, katuni ya sungura ya mwaka 1978, ilipewa U Uingereza, na sungura wanakufa mle kwa damu. Imepita miaka zaidi ya 40 ndipo bodi ikaipandisha hadi PG; habari ilitoka mwaka 2023. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni The Lion King. Ya mwaka 1994, ya kuchorwa, ilipewa G Marekani, yaani kila mtu. Hadithi hiyohiyo, baba yuleyule akikanyagwa na nyumbu walewale, ilirudi mwaka 2019 kwa picha zinazofanana na wanyama wa kweli, ikapewa PG. Kifo kile kile, alama nyingine. Na mtoto wa Arusha aliyekwishawaona nyumbu kwa macho yake ana sababu zaidi ya mtoto wa London ya kuamini anachokiona.

Siku hizi katuni kubwa za sinema karibu zote ni PG. Frozen ya 2013 ni PG Marekani, nayo ni nyepesi kuliko nyingi za zamani zenye G. Kwa hiyo ukipewa filamu ya kabla ya miaka ya 90 yenye G au U, iongezee ngazi moja kichwani mwako.

Muvi za watoto nawekewa kwenye flashi mjini, nyingine zimetafsiriwa Kiswahili. Hazina alama yoyote. Nitajuaje? (Fundi cherehani, Ngarenaro, Arusha)

Suala la hakimiliki tuliache kwa leo. Alama haipo kwa sababu nakala nyingi hukatwa mwanzo, na jina hubadilishwa. Anza kwa kutafuta jina la asili: liko kwenye jina la faili, au linasomeka kwenye dakika tatu za kwanza za filamu. Ukishalipata, liandike kwenye simu pamoja na neno "parents guide". Tovuti ya IMDb ina sehemu ya matukio ya kutisha ambayo watazamaji huorodhesha moja moja, na Common Sense Media, shirika linaloshauri wazazi, hupendekeza umri wao wenyewe, mara nyingi mkubwa kuliko wa bodi. Bando la MB 20 linatosha, usifungue video.

Jina lisipopatikana, pima kwa macho. Katuni ya dakika 90 haifichi hofu yake popote tu. Angalia dakika kumi za kwanza, maana mara nyingi hapo ndipo wazazi huuawa. Angalia tena kuanzia dakika ya 60 hadi ya 80, pambano la mwisho. Katikati, ruka kila baada ya dakika tano usimame nusu dakika. Dakika 35 hivi zimetosha. Iangalie ikiwa na sauti. Hofu ya katuni nusu yake ni muziki, na anayekagua kimya kimya dukani hajakagua.

Zilizotafsiriwa zina kasoro ya peke yake. Mara nyingi sauti ya asili hushushwa mtafsiri anapozungumza, akinyamaza inapanda ghafla. Nyumbani mmeongeza sauti ili mumsikie yeye, kisha ukelele unalipuka juu ya kiwango chochote alichokusudia mwenye filamu. Shusha sauti mpaka umsikie mtafsiri kwa shida kidogo, hapo ndipo mahali pake.

Flashi nayo. Usimwachie mtoto flashi ya familia. Televisheni nyingi zikimaliza faili moja hucheza linalofuata zenyewe, na linalofuata kwa alfabeti laweza kuwa lolote. Folda iliyoandikwa KATUNI haisaidii, muuzaji huweka humo kila kilichochorwa, na ziko katuni nyingi za watu wazima, za Marekani na za Japani. Nunua flashi ya GB 8 iwe yake, weka filamu saba au nane ulizokagua, basi.

Kwa nini kwenye katuni mama hufa? Tunamlea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka saba. Kila tunayomwekea, mama anakufa. Alama inasema watoto wote. (Shangazi, Njiro, Arusha)

Pole, Shangazi. Hujaota, na wapo waliohesabu. Mwaka 2014 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliolinganisha katuni 45 zilizoongoza kwa mauzo, kuanzia ya 1937, na filamu 90 za watu wazima. Mhusika muhimu alikufa mbele ya mtazamaji katika theluthi mbili za katuni, na katika nusu ya filamu za wakubwa. Wazazi wa mhusika mkuu hawakusalimika: hatari yao ya kufa kwenye katuni ilikuwa karibu mara tano ya wenzao wa filamu za wakubwa.

Sababu ni ya fundi wa hadithi. Mtoto mwenye mama haendi safari ya hatari, mama atamzuia mlangoni. Mwandishi anamwondoa mama, safari inaanza.

Na alama hailioni hilo kwa sababu haikutengenezwa kulitafuta. Kwenye Bambi ya 1942 mama hafi mbele ya macho yetu. Mlio wa bunduki, theluji, kimya, mtoto anaita. Hakuna damu ya kuhesabu. Kwa bodi tukio kama hilo ni jepesi. Kwa mtoto wako huenda ndilo zito kuliko mazimwi yote.

Kwa hiyo kabla ya filamu usiulize ina alama gani. Uliza maswali mawili: kuna mzazi anayekufa au kupotea, na dakika ya ngapi? Pili, mwishoni mtoto yule analelewa na nani? Filamu ambayo yatima anaishia mikononi mwa watu wanaompenda inaweza hata kumfaa, mkiangalia pamoja na ukiwa umemwambia mapema: "Mle kuna mama atakayefariki, mwanzoni. Nitakuwa hapa." Usimshtukize. Wala usizime kwa hofu pale anapolia. Kulia kwake si lazima iwe kutishwa. Msubiri. Akisema zima, zima.

Ambayo hatungemwekea mwaka huu ni ile ambayo mzazi aliyekufa anarudi kama mzuka au kivuli kinachozungumza. Wakubwa huona hapo pana faraja. Mtoto wa miaka saba aweza kukaa usiku kucha akingoja mlango ufunguke.

Sisi tulikuzwa na hadithi za irimu anayemeza watu kijiji kizima, na tukalala usingizi. Wajukuu wanashtuka kwa katuni. Tatizo si kwamba mmewadekeza? (Bibi, Marangu)

Shikamoo Bibi. Hoja yako ina uzito, na irimu wa Uchagani ni mkali kuliko mazimwi mengi ya PG. Lakini tazama ulivyokuwa ukisimulia. Irimu wako hakuwa na sura mpaka kila mtoto ampe yake, na mtoto hujitengenezea zimwi analoliweza. Yule wa shingo ngumu atampa meno marefu, yule mwoga atampa sura ya mbuzi wa jirani. Kwenye skrini zimwi limekamilika, kwa ukubwa mmoja kwa wote, na limetengenezwa na watu wanaolipwa ili kope zako zisipepese.

Tena wewe ulikuwa unamwangalia. Mtoto akisogea karibu na goti lako, sauti ilishuka, wimbo ukaletwa mapema, irimu akajikwaa, watu wakacheka. Ulikuwa unapanga daraja la umri papo hapo, kwa kila mtoto kivyake, jambo ambalo hakuna bodi iliyowahi kuliweza. Filamu haimwoni anayeitazama. Na hadithi yako ilisimuliwa jioni moja kwa muda wake. Wajukuu wanaweza kurudia tukio lilelile mara kumi kwenye simu, wamejifunika shuka, bila wewe kujua.

Kudekezwa? Wapo waliodekezwa, Bibi, hatukatai. Ila hawa wanaoshtuka usiku tungekuomba uwachukue kwako wiki moja.

King'amuzi kinaonesha herufi kama 13 V au PG H. Ni nini, na nafungaje? (Msomaji, Pasua, Moshi)

Ni alama za Afrika Kusini, zinakuja na vituo vya kule. Namba ni umri. V ni ukatili, L matusi, S ngono, N utupu, D dawa za kulevya, P ubaguzi, na H ni vitisho, kama vile vya mizimu na mashetani. Kwa swali la leo H ndiyo ya kushika: PG yenye H na PG isiyo na herufi ni vitu viwili tofauti.

Kufunga: ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, tafuta sehemu ya udhibiti wa wazazi, chagua umri. Ubadilishe namba ya siri siku hiyohiyo, maana ya kiwandani mara nyingi huwa 1234 au 0000 na watoto wanaijua kuliko wewe. Kwenye Netflix kufuli si la akaunti nzima, ni la kila jina la mtazamaji. Kwa hiyo weka umri kwenye jina la mtoto, na weka namba ya siri kwenye jina lako wewe, la sivyo atahamia huko. Pale pale unaweza kuzuia filamu moja kwa kuandika jina lake, na hilo lina faida kuliko umri, kwa sababu unajua fika ni ipi iliyomkosesha usingizi. Kufuli la PG halizuii hofu ya PG.

Shule yetu ya awali na msingi inataka kuwaonesha katuni watoto 60, miaka 4 hadi 10, siku ya kufunga muhula. Projekta ipo. Walimu wanabishana filamu ipi. (Mwalimu, Majengo, Moshi)

Mwalimu, acheni kwanza kubishana kuhusu filamu, gawanyeni watoto. Hakuna filamu moja ya miaka 4 hadi 10. Inayomfaa wa kumi inamtesa wa nne, na inayomfaa wa nne itawafanya wakubwa wapigane viti. Wa miaka 4 hadi 6 waende darasa lingine na televisheni ya kawaida, vikatuni vifupi vya dakika tano hadi kumi, jumla dakika 40. Hawahitaji projekta. Picha ya ukutani yenye upana wa mita mbili huongeza hofu hata kama filamu ni ileile.

Wa 7 hadi 10 wapate filamu ndefu ya U au G, au PG ambayo mwalimu mmoja ameiona yote, si vipande. Pazia zifungwe nusu tu. Picha ikipauka kidogo si hasara. Spika ziwe mbele, si nyuma ya migongo yao. Walio wadogo wasikae mstari wa mbele kama tulivyozoea, pale picha ni kubwa kuliko kote na mlango uko mbali. Wakae pembeni karibu na mlango. Kwa watoto 30 wekeni walimu wawili ndani na mmoja mlangoni, mwenye karatasi na kalamu za rangi. Mtoto akitaka kutoka atoke bila kuulizwa sababu, akachore.

Mtoto anayetishika mbele ya wenzake hapigi kelele. Mtafute anayepandisha miguu juu ya kiti, anayeomba kwenda chooni mara ya pili ndani ya robo saa, anayeuliza "itaisha saa ngapi", na anayecheka peke yake mahali pasipochekesha. Huyo wa mwisho ndiye husahaulika.

Wiki moja kabla tumeni ujumbe kwa wazazi: jina la filamu, alama, na sentensi moja ya kinachotisha. Mzazi mwenye mtoto aliyefiwa atawaambia. Kuhusu kibali cha kuonesha, ulizeni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, maana filamu mbele ya hadhira inaingia kwenye sheria ile ya 1976.

Na umeme. Filamu ikikatika katikati ya kitisho ni mbaya kuliko kuiona yote, kwa sababu mtoto anaenda nyumbani na zimwi lililo hai. Mwalimu aliyeiona awe na mwisho wake kichwani, ili umeme ukikatika dakika ya 70 asimame hapo hapo mbele ya ukuta mtupu, awasimulie mpaka zimwi life na yule mtoto afike kwao.